Vali Ambayo Braison Alitaka Kuikaza

Namshukuru Mungu, aliyeiwekea bahari mpaka nayo ikautii, akaupa moto kazi yake, na sisi akatupa hofu ili tusiuzoee moto. Kwa rehema zake, mwanangu, ninakaa hapa Iyula leo nikichambua kahawa yangu kwa mikono yangu miwili mizima. Wapo wanaodhani uzima ni haki yao. Mimi najua nilipewa.

Siku moja ya msimu wa alizeti haijanitoka hadi leo. Nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, nafanya kibarua katika kiwanda cha kukamua mafuta kule Mpemba, karibu na Tunduma. Kiwanda hicho hakipo tena, usihangaike kukitafuta. Tulikuwa na boila kubwa iliyowaka kwa pumba za alizeti, na mvuke wake ulipasha mbegu kabla ya kukamuliwa. Mtambo ulijiendesha wenyewe. Kihisi kimoja, ambacho ninyi vijana mnakiita sensa, kilipima presha ya mvuke na kupeleka habari kwenye kioo cha namba. Presha ikipungua, mtambo ulijiongezea pumba na upepo; ikitosha, ulijipunguzia. Na juu kabisa ya boila ilikaa vali ya usalama. Hiyo haikuwa na waya wala kioo, ilikuwa na springi tu, iliyopimwa na kupigwa lakiri huko ilikotengenezwa. Presha ikizidi kipimo, vali inafunguka yenyewe na kutema mvuke nje.

Kihisi kile kikafa katikati ya msimu. Spea yake, ya aina ileile na kipimo kilekile, ilikuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam. Lakini Tunduma unaijua. Malori yanalala barabarani yakingoja kuvuka mpaka, na mafundi wetu wamejifunza kwamba hakuna kifaa kisichopatikana kwenye lori. Betri ya lori inawasha muziki wa harusi, feni ya lori inapuliza tanuri la mhunzi. Basi Braison, fundi umeme wa zamu yetu, mtu mchangamfu niliyempenda kama kaka, akaenda kwenye maegesho akarudi na kihisi cha presha ya upepo wa breki. Akakifunga. Kikaingia kwenye tredi, yaani mikato ya skrubu, bila kusumbua, taa ya kijani ikawaka, naye akawasha moto.

Msimamizi wetu, Mzee Nzunda, alikuwa amekataza moto usiwashwe mpaka spea ifike. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiye na haraka ya maneno. Alipoingia akakuta boila inanguruma, aliuliza nani karuhusu.

"Mzee wangu, tredi imekubali, waya zimekubali, taa nayo imekubali," Braison akasema akicheka. "Nani amebaki kukataa?"

"Mvuke," mzee akajibu. "Huyo hujamuuliza."

Hakupata nafasi ya kuongeza neno. Vali ya usalama ilifunguka juu yetu kwa mngurumo ambao sijausikia tena, na nisiusikie tena. Mabati yalitetemeka. Braison alitazama kioo, akaona presha iko chini kabisa, akaamini macho yake. Kama presha ni ndogo, akawaza, basi vali ndiyo mbovu, springi yake imechoka. Akachukua spana akapanda ngazi ili aikaze.

Mzee Nzunda alizunguka nyuma ya boila, kwenye geji ya zamani ya mshale ambayo hakuna aliyeitazama tangu kioo kije. Akaifuta vumbi kwa kiganja. Nilikuwa nyuma yake, nikaona mshale umepita alama nyekundu. Mzee alizima mtambo, lakini pumba zilizokwisha kuingia tanurini haziambiwi zizime. Akanionyesha uani, walikoketi kina mama waliotoka Ndalambo kukamulisha alizeti, juu ya magunia yao. Nikasimama mlangoni nikiwapungia mikono watoke wapite nyuma ya ukuta. Mmoja alinijibu kwamba amewahi foleni tangu alfajiri, haiachi kwa sababu ya kelele. Nikamwinua kwa mkono, naye akanisonya.

Nilipogeuka, mzee alikuwa anapanda ngazi. Yaliyosemwa pale juu Braison alinisimulia baadaye, maana kwa ule mngurumo ilibidi wasogezeane masikio.

"Shuka. Geji ya nyuma imepita pekundu."

"Mzee, ile geji ni kuukuu. Nizungushe mara moja tu, itanyamaza."

"Basi nisogezee nafasi nikae hapa. Ukiikaza, uikaze nikiwa na wewe. Mama yako sitamwambia kwamba nilikuwa chini."

Nilimwona Braison akiondoa mkono kwenye vali. Kisha akaiachia spana. Ilianguka sakafuni, wala hatukusikia mlio wake.

Tulingoja nyuma ya ukuta tukiomba kimyakimya, mpaka vali ikajifunga yenyewe. Braison alipewa chai. Mzee hakumtukana. Alimwambia hivi: mama wa hapa akisema tano kwa debe, na wa ng'ambo ya mpaka akisema tano kwa meda, kipimo chao, midomo imetamka tano, lakini magunia hayajai sawa. Kihisi kile hakikusema uongo. Kilisema kwa kipimo cha lori, na mtambo ukasikia kwa kipimo cha boila, ukadhani presha ni ndogo, ukazidi kujiongezea pumba.

Mwanangu, leo viwanda vimejaa vihisi na vali zinazojifungua zenyewe, hata kwenye mitambo ya kahawa yetu. Watu walikaa wakakubaliana kipimo kimoja, ili kifaa kilichotengenezwa na mtu usiyemjua kiweze kukabidhiwa roho yako. Usikivunje kipimo hicho kwa sababu tu kifaa kimeingia kwenye tredi. Spea ikichelewa, zima moto ungoje. Msimu utarudi, aliyezikwa harudi. Vyombo viwili vikibishana, kiamini kinachokuonya mpaka uhakikishe. Wengi husema ajali haina kinga. Mimi niliona kinga ikipiga kelele, na mtu mwema akapanda kuinyamazisha. Na ukiwa mkubwa wa zamu, usimwonee haya kijana unayempenda; mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wewe unayesoma haya, Mungu ailinde mikono yako kazini na akupe sikio la kusikia onyo likiwa bado ni onyo. Wanaokungoja nyumbani wakusikie ukibisha hodi jioni, leo na siku zote. Amina.