Mama Mvuke na Cheti cha Mpole

Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, chini kabisa ambako mgeni hafiki, Mama Mvuke ndiye aliyekuwa serikali. Hata meneja akishuka ngazi alikohoa kwanza. Mwanamke huyu aliingia pale msichana, akakunja taulo, akapiga pasi, akapanda taratibu mpaka akawa msimamizi wa chumba kizima. Jina lilitokana na zile pasi kubwa za mvuke, ingawa waliofanya kazi chini yake walisema limetokana na mdomo wake, maana ukifunguka lazima mtu aungue.

Waliounguzwa zaidi ni wasomi. Akiletewa kijana wa mafunzo kutoka chuoni, atamzunguka, amtazame juu mpaka chini, kisha awaambie wenzake, "Huyu amesoma mpaka amesahau shuka lina pembe ngapi." Watu wanacheka, naye anazidi. Chuki hiyo ilikuwa na mzizi nyumbani kwao. Baba yake alimtoa shule ili kaka yake asome, na kaka akasoma kweli, akarudi na digrii, akakaa kwa mama yao akingoja kazi ya hadhi yake. Alikuwa akingoja bado, mvi zimeshamtoka. "Ana digrii ya uchumi," Mama Mvuke alipenda kusema, "na hajachuma hata chumvi."

Mtu pekee ambaye Mama Mvuke alimpenda waziwazi mle chumbani alikuwa mpiga pasi mmoja mrefu, mkimya, waliyemwita Mpole. Alimpokea mwenyewe alipokuja kuomba kibarua, akamfundisha kazi yote: kutoa doa la divai, kusikia kwa mlio tu kwamba mashine imejazwa kupita kiasi, kupanga zamu harusi zikifuatana. "Wewe mdogo wangu hukusoma," alimwambia mbele ya watu, "ndiyo maana una akili." Mpole aliinama juu ya kola ya shati, akatabasamu kidogo.

Kisha hoteli ikauzwa. Wenye mali wapya wakatoa amri kwamba kila mkuu wa kitengo awe na digrii. Afisa utumishi, mwanamke wa sauti ya chini, alishuka kumpa Mama Mvuke habari.

"Mama, si mimi. Ndio utaratibu wao."

"Digrii ya nini?"

"Yoyote."

"Ya kufua nguo ipo?"

"Mama, wamesema yoyote."

Mama Mvuke alicheka mpaka akashika ubavu. Walete mtu wao, alisema, joto la humu litamtoa mbio kabla ya chakula cha mchana. Akawa anamngoja huyo mgeni kama mtu anavyongoja mechi.

Asubuhi moja meneja alishuka. Nyuma yake alikuwa Mpole, kavaa shati jeupe, kachomekea. Meneja akatangaza kwamba huyu ndiye msimamizi mpya. Ana digrii ya historia, aliipata kabla hajaajiriwa hapa, na kwa bahati nzuri chumba anakijua. Msichana mmoja aliangua kicheko akidhani ni mzaha, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

Mama Mvuke alimfuata Mpole kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Ulikuwa nayo siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Na ukakaa pale unanisikiliza."

"Ulitaka nifanyeje? Nimezunguka na cheti kile kila ofisi. Wengine waliniambia sina uzoefu, wengine waliniambia nimesoma mno, nitawakimbia. Nilipokificha, ukanichukua wewe. Ungejua, ungenichukua?"

Jibu walilijua wote wawili.

"Umekiona kiti changu kitamu."

"Kitini walishakuondoa. Wangemleta mtu wa nje, na mimi ningebaki napiga pasi." Mpole alikuwa hajapaza sauti. "Na nikwambie, kwa kuwa leo tunaambiana. Kila ulipowacheka wasomi ulikuwa unanicheka mimi. Nilirudi nyumbani na kicheko chako kichwani, nikala nacho, nikalala nacho. Siji kukuomba msamaha."

"Na mimi sikupi."

Mama Mvuke akarudishwa kwenye meza ya kukunja taulo, alikoanzia. Hakuacha kazi. Alitaka awepo siku Mpole atakapoharibu. Zikaja harusi mfululizo, mashine moja ikafa katikati, naye akasimama mikono kifuani akingoja aibu ianze. Haikuanza. Mpole aligawa watu, akatanguliza mashuka, akaahirisha mapazia, na jioni kila kitu kilikuwa juu, kimenyooka. Alifanya hasa alivyofundishwa, mpaka akimhimiza mtu alitumia maneno ya Mama Mvuke yaleyale. Hilo lilimchoma kuliko kama angeharibu. Mjinga angemvumilia. Huyu alikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na kilichomweka juu yake ni historia, ambayo mle chumbani haikuwa imefua hata soksi.

Tangu hapo Mpole akimwuliza jambo, alijibu, "Kaulize chuoni."

Sumu ile aliibeba mpaka nyumbani. Binti yake alikuwa amemaliza sekondari na kufaulu vizuri, nafasi ya chuo akaiacha mwenyewe, akaenda kujifunza ushonaji kwa jirani. Mama Mvuke ndiye aliyemsifu wakati ule kuliko wote. Sasa aliingia, hajavua hata viatu, akasema, "Cherehani unaiacha. Mwaka huu unakwenda chuo."

"Kusomea nini?"

"Lolote. Lete cheti tu."

Binti aliweka kijiko chini. "Si ulisema wasomi wanangoja kazi mpaka mvi? Mjomba si yule pale?"

"Nilisema upuuzi."

"Umeusema kila siku, mama, tangu sijajua kusoma. Mimi nikauamini."

Baba mtu, fundi wa friji, alijaribu kuingilia. "Mke wangu, mwache mtoto, kazi anaipenda."

"Wewe nyamaza. Hujawahi kuondolewa kwenye kiti na mtu uliyemfundisha kushika pasi."

"Haya, sasa neno limetoka," binti akasema. "Hunipeleki chuo kwa ajili yangu. Unataka nikakulipizie kwa huyo Mpole wako. Nenda ukasome mwenyewe."

Mkono wa Mama Mvuke ulinyanyuka, ukaganda hewani, ukashuka. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa shida, na binti hakuiacha cherehani.

Mwaka haukuisha, Mpole akaugua mgongo, akaandikiwa mapumziko marefu. Meneja alishuka mwenyewe, safari hii bila kukohoa, akamkuta Mama Mvuke anakunja taulo.

"Mama, tunakuomba ushike chumba. Ni kwa muda tu."

"Na huo muda nitakuwa na digrii?"

"Mama, tuelewane. Ni dharura."

"Tafuta mwenye cheti. Juu huko wamejaa."

Wenzake walimtazama. Mashine zilikuwa zinalia kuomba kufunguliwa, mapipa ya mashuka machafu yamefurika, na wasichana wawili wapya hawajui washike wapi. Alijua la kufanya, viganja vilikuwa vinamwasha kulifanya. Akakunja taulo yake ya mwisho, akavua aproni, akapanda ngazi saa za kutoka zilipofika.

Alipita kwa yule jirani mshonaji, akasimama mlangoni. Binti alikuwa ameinamia gauni la mtu. Alimwona mama yake, akashusha macho, akaendelea kushona. Mama Mvuke akakaa kwenye benchi la wateja, akamngoja amalize.