Herufi B na Mate ya Nyanya

Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu huko Nchiru amekuja na kamera kuukuu aliyoipata kwa wauza mitumba. "Cucu, nyanya yangu, hizi herufi T, B, I hapa kwenye lenzi ni za nini?" Nikamjibu bila hata kuvaa miwani. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu, rafiki yangu, yaliletwa na mjukuu kweli.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, huku Runyenjes. Tulikuwa tumehamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na bila pasi, kile kibali cha serikali, hutoki. Kuchota maji kulikuwa na saa yake, kulima saa yake. Hata moshi wa kupikia githeri ulitukalia mle ndani. Mama yangu alikuwa Ishiara, mgonjwa sana, na nyanya yangu alitaka pasi amfikie. Pasi nayo ilitaka picha.

Mpiga picha alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, akija mara moja kwa mwezi. Aliposimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikamuuliza ile B.

"Binti yangu, zamani kamera ilikuwa na kipira cha hewa. Ukikiminya, kijidirisha cha ndani kinafunguka, ukiachia, kinajifunga. Kwa Kizungu jina lake linaanza na B. Siku hizi ni kidole tu. Kipira kimeenda zake, herufi imebaki."

Yeye alitumia I, ambayo kijidirisha hufunguka na kujifunga chenyewe, kufumba na kufumbua. Alipokwenda kunywa uji, nikasogeza kishale cha herufi hadi B nikione hicho kijidirisha. Nikasahau kukirudisha.

Nyanya akaketi, mgongo kwenye ule ua wa miti. Kidole cha mpiga picha kilikuwa kizito, na kwa I uzito haukudhuru kitu, lakini kwa B kijidirisha kilibaki wazi hadi alipokiinua. Aliposikia mlio, nyanya akadhani kazi imekwisha. Akainama, akajitemea mate kifuani, baraka ya safari, kama alivyotutemea sisi kila asubuhi.

Mwezi uliofuata picha ikaja. Miti ilionekana vizuri hadi ncha. Nyanya alikuwa na magoti na mikono, na mahali pa uso palikuwa na ukungu. Ofisi ikaikataa. Akapigwa nyingine, akangoja tena, na pasi ilipotoka mama alikuwa ameshazikwa.

"Ni mate yangu," nyanya alisema. "Nimejifungia mlango mwenyewe." Nilikuwa kando yake namenya ndizi. Nikaogopa kumwambia ni mimi niliyesogeza kishale, nikachukua ndizi nyingine nikaimenya.

Handaki lilifukiwa, leo pamepandwa majani chai. Habari za kipira nimemweleza mjukuu, akacheka. Sikumwambia kwamba tangu siku ile nyanya hakumtemea mtu baraka tena, hata mimi niliyejua.