Mwenye Geti

Shemeji yangu, mume wa dada, ni bawabu wa hospitali. Watu humwita Profesa, kwa sababu hapokei hongo bila kuieleza. Mabawabu wengine huchukua wakanyamaza. Yeye ana elimu.

Ukifika nje ya saa za kuona wagonjwa, anaegemea geti na kuanza: "Mama, usiite rushwa. Hongo ni neno la heshima. Zamani misafara ikipita nchi ya mtu, ilimpa mtawala shanga na vitambaa ndipo ipishwe. Hiyo ndiyo hongo."

Siku moja nilimwuliza, "Na nchi yako ni ipi, shemeji?"

"Hii hapa," akasema, akipigapiga komeo.

Nilitamani kumzaba kibao, ila dada alikuwa anatuangalia.

Mwenzake wa zamu, mwanamume mpole aliyewahi kuuza mkaa, alifundishwa kazi na shemeji: asimame vipi, akohoe lini, na asipishe hata ndugu, maana ukianza na ndugu nchi imekwisha.

Basi alasiri moja, siku ya mapumziko ya shemeji, mama yake akabanwa na kifua. Tukampakia kwenye gari la jirani, shemeji na kandambili zake, pochi kaiacha nyumbani. Getini tukamkuta yule mwenzake.

"Fungua, ni mama yangu," shemeji akasema.

Jamaa akaegemea geti. "Zamani," akaanza, "misafara ikipita nchi ya mtu..."

Nyuma yetu kifua cha mama kilikuwa kinapiga filimbi. Shemeji akafoka, akabembeleza, mwisho akalia. Mimi nilikuwa na hasira tu, na hiyo haipokelewi. Mwenzake akamkumbusha kwa upole kwamba watu wa zamani walitoa vitu. Shemeji akavua saa yake ya mkononi. Geti likafunguka.

Mama aliwahiwa, tunashukuru. Kesho yake tukamkuta ameketi kitandani, akamshika mwanawe mkono.

"Saa niliyokununulia ulipopata kazi iko wapi?"

"Nimetoa hongo, mama."

"Hongo ndiyo nini?"

Nikasubiri misafara na shanga. Profesa akatazama sakafu.

"Ni wizi, mama."

Mama akavuta pumzi, taratibu. "Na huyo mwizi kafundishwa na nani?"

Shemeji akaanza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo wowote.