Unga Unaokumbuka Vidole

Harufu ya majani makavu yanayoanza kuharibika si kali kama watu wanavyodhani. Inafanana na sweta la shule lililokunjwa kabla halijakauka, likasahaulika kabatini likizo nzima. Ukinusa kwa haraka unaweza kuipita. Mimi siipiti. Mwezi uliopita jirani yangu Joris, kijana wa Kibelgiji, aligonga mlango wangu akiwa na mtungi wa kioo. Ndani mlikuwa na unga wa kratomu, majani ya mti fulani wa Asia, ambao yeye huukoroga kwenye maji kwa sababu ya mgongo wake. Alijua kwamba nilisoma biolojia chuo kikuu, akataka nimwambie kama unga bado unafaa. Ulikuwa juu ya friji, kando ya dirisha, tangu kiangazi.

Nilimwambia kwamba sijui kama unga huo unatibu mgongo, na kwamba hata yeye hajui. Lakini kuharibika ni jambo jingine, hilo linaonekana. Ukijani wake ulikuwa umegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa: hiyo ni kazi ya mwanga na joto. Kulikuwa na vibonge: hiyo ni kazi ya unyevu. Kisha, kabla sijafikiri, nikamwambia achukue kidogo kwa vidole vitatu, abane, aachie. Kibonge kilibaki kiganjani mwake, kimeshika alama za vidole vyake.

"Utupe," nikasema.

Aliniuliza kipimo hicho nilijifunza chuo gani. Nikamjibu: Buyenzi. Hakuuliza zaidi, nami sikuendelea, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kufika Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura alikozaliwa Mama, na ambako Bibi alibaki Mama alipokimbia. Mimi nilizaliwa huku Brussels. Kwangu mtaa ule ulikuwa sauti na kopo. Sauti ilikuja Jumapili, baada ya Mama kukwangua kadi ya simu kwa ukucha na kubonyeza tarakimu ambazo hazikuwa na mwisho. Kopo lilikuja mara mbili kwa mwaka. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye picha ya ng'ombe aliyefutika nusu, limefunikwa kitambaa cheupe na kufungwa uzi. Likiisha, lilirudi Bujumbura tupu na kuja tena limejaa. Ndani mlikuwa na unga wa mubirizi, mti wa majani machungu ambao, kwa maelezo ya Mama, kule hakuna ua wa nyumba usio nao. Mama alikunywa kijiko kimoja kila asubuhi kwa ajili ya tumbo. Mimi nilinyweshwa kwa ajili ya kila kitu: mafua, minyoo ambayo sikuwa nayo, na mara moja alama mbaya za hesabu.

Bibi alikuwa na sheria za unga ule, na alizirudia kwenye simu kila Jumapili kana kwamba sisi ndio tuliosahau kila Jumamosi. Majani yasianikwe juani, maana jua linaunguza uchungu. Yaanikwe kivulini, juu ya mkeka, siku tatu, yakigeuzwa asubuhi na jioni. Tatu, si mbili. Kopo likae gizani, mbali na jiko. Kijiko kiwe kikavu kama ulimi wa mtu aliyefunga saumu. Kopo lisifunguliwe bila sababu, kwa kuwa kila ukilifungua unamkaribisha mgeni, na mgeni mwenyewe ni maji, huingia bila kubisha hodi. Alisema Brussels ni mji wa maji. Alijuaje, sijui, labda kwa kutusikia tukikohoa.

Na kulikuwa na kile kipimo. Bana kwa vidole vitatu, achia. Unga ulio hai humwagika wote, husahau kwamba ulishikwa.

"Unga ukikumbuka vidole vyako," alisema Bibi, "umekufa. Umwage."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini, kiasi kwamba mwalimu alimwandikia Mama kwenye daftari. Nikamuuliza Bibi kwa nini unga ukumbuke, una akili? Alicheka mpaka simu ikakoroma. "Zaina," akasema, "wewe utaolewa na polisi."

Kopo la mwisho lilikuja mwishoni mwa Oktoba. Mizigo ya Bujumbura tuliichukua kwenye Galerie d'Ixelles, katika saluni ya maman Béa, Mkongomani wa Lubumbashi aliyesuka nywele na kupokea mizigo ya nusu ya Waafrika wa mji huu. Kopo lilikuwa limekaa kwake siku mbili, chini ya rafu ya taulo. Alimkabidhi Mama kwa mikono miwili huku amegeuza uso pembeni.

"Maman Zaina, bon, hii kintu yako inanuka sawa nyumba ya mbuzi," alisema. "Ba clients banaanza kunikimbia."

Wanawake waliokaa chini ya mashine za kukaushia nywele walicheka. Mama naye akacheka. Nakumbuka hilo kwa sababu kwa muda mrefu baadaye sikumwona akicheka.

Tulikuwa tukiishi Koekelberg, ghorofa ya nne, na dirisha la jikoni lilitazama kuba la kijani la basilika, kanisa kubwa la pale. Kawaida kopo likifika Mama alichemsha maji papo hapo, akanywa kikombe cha kwanza amesimama, bado amevaa koti. Siku ile pia maji yalikuwa jikoni. Alikata uzi, akatoa kitambaa, akabana unga kwa vidole, akaachia. Mimi nilikuwa mezani na kazi ya shule. Sikuutazama mkono wake. Nilikuwa natazama mvuke. Nilichosikia ni kifuniko kurudishwa, kisha moto kuzimwa chini ya maji yaliyokwisha kuchemka. Alisema atakunywa kesho. Akaliweka kopo kabati la juu, gizani, akavua koti.

Jumapili, katikati ya salamu, akauliza: "Mama, majani umeyaanika siku ngapi?"

Simu yetu ilikuwa ya zamani, sauti yake ilijaza chumba. "Tatu," alisema Bibi. "Kama siku zote."

"Sawa, Mama."

Halafu wakaongea habari ya mvua. Jumapili iliyofuata, mvua. Iliyofuata tena, mvua.

Bibi alifariki siku ya Jumanne. Mama aliniambia asubuhi akinisuka kabla ya shule. Mikono yake ilikuwa katikati ya msuko wa kwanza. Aliumaliza, akasuka wa pili, na msuko wa pili haukulegea wala haukukaza kuliko wa kwanza. Nilishinda shuleni siku nzima nikiigusa yote miwili kulinganisha. Yeye alikwenda kazini Ganshoren, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha watu wa umri wa mama yake, akarudi saa zilezile za kila siku. Hakusafiri. Karatasi zetu za ukimbizi zilimruhusu kwenda popote duniani isipokuwa Burundi. Nilijua hayo kwa sababu yalikuwa yameandikwa, na mimi nilisoma kila kilichoandikwa. Sikulia. Nilikuwa nangoja kulia, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayengoja tramu kwenye kituo kilichofungwa. Nadhani Mama alikuwa kituo hichohicho.

Jambo moja tu alilisema. Siku ya arobaini atakunywa dawa ya mama yake. Mpaka hapo, kopo lisiguswe.

Mimi nililigusa. Kila siku baada ya shule nilipanda kiti, nikalifungua, nikaingiza pua. Nilitaka kuona kama Bibi atanijia. Ulikuja uchungu, na nyuma ya uchungu ile harufu ya sweta. Siku ya tano au ya sita nikakumbuka kipimo. Nilibana, nikaachia. Kibonge kikabaki kimelala kiganjani, na juu yake mistari midogo ya kidole gumba changu.

Kwa mtoto aliyejua sheria zote, hesabu ilikuwa rahisi. Nililifungua bila sababu, tena na tena. Nilimkaribisha mgeni. Nimeua unga wa mwisho wa Bibi, na hakuna mtu atakayetwanga mwingine.

Nikaamua kuuponya. Jua lilikatazwa, na hata lingeruhusiwa, ilikuwa Desemba. Jua tulilisikia kwenye redio tu. Lakini chini ya dirisha la sebuleni kulikuwa na chauffage, kile chuma cha kupashia nyumba joto, ambacho kilikausha kila kitu chetu, soksi, viatu, hata mkate. Nikaliweka kopo juu yake, wazi, mchana kutwa. Kitu ambacho sikukifikiria ni nguo. Mama alikuwa amefua, na shuka mbili mbichi zilining'inia kwenye kamba palepale juu, zikitoa mvuke kama sufuria, madirisha yote yakitiririka machozi. Nilipoliondoa kopo kabla hajarudi, unga ulikuwa umefanya ngozi. Siku tatu baadaye ngozi ile ilikuwa na madoa meupe, laini kama manyoya.

Nililirudisha kabatini, nikaanza kuhesabu siku. Nilijua ukungu unaweza kumwumiza mtu. Tulikuwa tumefundishwa darasani kwa kipande cha mkate ndani ya mfuko. Kila asubuhi niliamka nikiwa na nia ya kusema, na kila asubuhi Mama alinipa chai kwa uso uleule, nami nikanywa chai.

Asubuhi ya arobaini alipika pilau. Wanawake wangefika baada ya adhuhuri kusoma dua. Alipofunika sufuria alichemsha maji mengine, akafuta kijiko mara mbili, akateremsha kopo. Nilisimama kando ya friji. Alifungua, akatazama ndani muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutazama unga. Akapasua ile ngozi kwa kijiko, akachota, akakoroga kwenye glasi. Akainua glasi.

"Mama," nikasema, "unga unakumbuka."

Glasi ilisimama karibu na mdomo wake. "Najua."

"Ni mimi. Nililifungua kila siku. Nikaliweka kwenye chauffage."

"Si wewe."

"Ni mimi, Mama, nilibana kabisa nikaona..."

"Zaina. Si wewe."

Aliiweka glasi mezani taratibu, kisha akaimwaga kwenye sinki, akaacha maji ya bomba yakapita mpaka ukijani ukaisha. Unga wote uliobaki aliukung'uta kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaushusha mwenyewe ghorofa nne mpaka kwenye mifuko myeupe ya taka iliyopangwa barabarani. Aliporudi alinawa mikono, akaliosha kopo, akaenda kukoroga pilau. Wanawake walikuja. Maman Béa, ambaye ni Mkristo, alileta sinia la beignets, maandazi yake ya mviringo, akakaa karibu na mlango, akaitikia amina kila mara, hata pale ambapo haikuhitajika. Hakufanya mzaha hata mmoja.

Kwa miaka mingi niliamini "si wewe" ulikuwa uongo wa huruma, ule ambao wazazi huuweka akiba kwa siku kama zile. Mimi ni mtu wa kuhoji, na huo sikuuhoji, kwa sababu sikutaka kujua jibu. Nilikuwa chuo kikuu, nikisoma jinsi majani yanavyopoteza maji, ndipo nilipoanza kufanya hesabu upya. Kifuniko kufunguliwa kila alasiri kwa siku tano hakutoshi kuufanya unga mkavu ushike alama ya kidole. Unga ule ulikuwa na unyevu kabla sijaugusa. Miaka miwili iliyopita nilimuuliza Mama, tukiwa tunamenya viazi. Hakuniuliza ninazungumzia unga upi.

"Ulikuja mbichi," alisema. "Mama hakuwahi kunitumia mbichi. Hata mwaka wa vita alinitumia mkavu."

Akaendelea kumenya.

Najua linalopaswa kusemwa dhidi ya hilo. Oktoba ni mwezi wa mvua Bujumbura, na hata kivulini hewa ina maji. Kuna baridi ya ndege. Kuna siku mbili katika mvuke wa saluni ya maman Béa. Mtu angeniletea ushahidi kama huo ningemwambia hajathibitisha chochote. Lakini Mama alikuwa amefungua makopo yale miaka kumi na zaidi, na mvua ilinyesha kila Oktoba. Alibana mara moja tu, na vidole vyake vikamwambia kwamba kule Buyenzi kuna mtu aliyeanika siku mbili, au moja, kwa sababu hakuwa na uhakika na ya tatu. Alimuuliza. Akajibiwa tatu, kama siku zote. Kisha kwa Jumapili tatu wanawake wawili waliojua jambo moja wakaongea habari ya mvua.

Sasa niwaambie kuhusu kopo. Mama alipoliosha asubuhi ile alilipangusa vizuri, nje na ndani, likang'aa. Lakini hakulifunika. Aliliweka kabati la juu, wazi, kifuniko kando yake. Nililiona pale kesho yake asubuhi ng'ombe wake akielekea upande mmoja, na jioni akielekea mwingine. Kesho yake tena vivyo hivyo: siku tatu, likigeuzwa asubuhi na jioni. Nilidhani huzuni imemfanya asahau. Nikapanda kiti nilifunike, akaniambia niliache. Siku ya nne alilibana kifuniko likiwa tupu, akalifunga kitambaa cheupe, akakata uzi kwa meno.