Wastani wa Maimunah

Maimunah Ramathan alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda hisabati kupita kiasi. Alizaliwa Bwaise, mtaa wa bondeni jijini Kampala, mtoto wa Kinubi. Mama yake, Kaltumi, alisuka vikapu na kumwambia kila jirani aliyesimama kwamba huyu binti atakuwa profesa. Majirani walicheka. Mvua ikinyesha na maji yakaingia ndani, Maimunah alipanda kitandani na kitabu chake, akaendelea kusoma.

Chuoni alifundishwa na Dakta Khaemba, Mkenya aliyefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya mwaka wa mwisho, Khaemba alimketisha ofisini.

"Kama unataka utafiti, binti yangu, chukua topolojia. Hawa wanaokimbia masomo magumu watafika wapi?"

Akaichukua, hiyo hisabati ya maumbo ambayo wengi waliiogopa. Darasa likawa na watu wachache mno. Wengine walikimbilia takwimu za biashara, ambako A ziligawiwa kama peremende. Maimunah alihangaika, akaielewa topolojia, akaipenda, akapata C. Wengi wa wenzake walifeli kabisa.

Hiyo C ikamshusha wastani. Alipoomba kuingia programu ya utafiti, mlango pekee aliouona wa kumfikisha kwenye shahada ya uzamili, alijibiwa kwamba wastani wake haukutosha. Hakuna aliyeuliza C ilitoka somo gani. Wastani! Utadhani walikuwa wanapima viazi sokoni. Na kwenye jopo lililomkataa, Khaemba mwenyewe alikuwa amekaa, amefunga tai.

Alimwendea. Khaemba akamkaribisha kwa tabasamu pana na chai ya maziwa.

"Mwalimu, wewe mwenyewe uliniambia nichukue lile somo."

"Kweli kabisa, na ulijitahidi sana. Lakini sheria ni sheria. Sisi tunaangalia wastani tu." Akapuliza chai yake. "Sasa nina ombi, binti yangu. Hawa tuliowachukua hawajui topolojia hata chembe, na huo utafiti wote ni topolojia. Njoo uwafundishe kidogo. Hata Nabangala wangu yumo."

Nabangala alikuwa binti yake wa kumzaa, aliyekuwa mwaka uleule wa masomo na Maimunah.

"Kwani Nabangala hakuchukua topolojia?"

"Nilimkataza. Ingemharibia maksi."

"Ulimkataza lini?"

Khaemba akawaza kidogo, bila haya hata tone. "Si ni wakati ule ule mlipokuwa mnachagua?"

Maimunah akautazama ule mdomo ukirudi kunywa chai, akaona kinyaa. Alikuwa amelelewa kumuaga mtu mzima kwa heshima, hata awe amemkosea vipi. Akasukuma kikombe, akainuka, akatoka bila kuaga.