Fundi Nuruddin Alipopunguza Suruali Zake

Baba yangu, Fundi Nuruddin, anashona kanzu na suruali karibu na soko la Shinyanga mjini, na kama kuna jambo analojivunia kuliko hata mishono yake, ni kwamba hajawahi kuonja pombe. Ujanani alikaa miaka miwili kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, akavuta kamba za maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, pamoja na vijana wa kila kabila, na akarudi vilevile alivyokwenda. Kila mteja lazima asimuliwe. "Bia ilikuwa rahisi kupata kuliko maji," husema, pini zikiwa mdomoni, "na sikuonja hata povu." Dhahabu nayo hakuiona, lakini hilo huwa halisemi.

Basi mwaka jana uchovu ulipomzidi nikampeleka hospitali. Daktari Aneth akaangalia picha za tumbo, akasema, "Mzee wangu, ini lako lina mafuta." Baba akakunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Daktari, mimi sinywi."

"Wala sijasema unakunywa," akajibu kwa upole. Akaeleza kwamba mafuta hayo humpata pia asiyejua harufu ya pombe, hasa mwenye kitambi, anayekaa kutwa nzima na kupenda vitamu. Akauliza ni soda ngapi kwa siku. Baba akatazama dari. Nikajibu mimi: tatu, kwa kuwa mteja akija kuchukua nguo humnunulia fundi soda, na kuikataa ni kumvunjia heshima. Sukari kwenye chai? Vijiko vinne. Vitumbua? Hapo hata mimi nilitazama dari.

Alipimwa pia homa ya ini, hakuwa nayo. Daktari hakumpa kidonge hata kimoja. Alimtaka atembee nusu saa kila siku, aache soda, apunguze sukari na vya kukaanga, sahani ijae mboga kuliko ugali, na kiuno kipungue taratibu. Chupa za dawa za kusafisha ini zinazouzwa sokoni asiziguse. Ini la hivyo likitunzwa mapema hupata nafuu, alisema, na likipuuzwa linaweza kusinyaa na kuwa gumu.

Tulipofika nje, Baba akanishika mkono. "Shadya, mama yako asijue."

"Kwa nini, Baba?"

"Watu wanajua ini ni ugonjwa wa walevi. Atasema niliutoa machimboni, nikamdanganya miaka thelathini na moja." Nilikasirika, nikamwonea huruma, nikaapa kwamba sitasema. Kiapo kile nimekijutia.

Ikawa kila siku baada ya swala ya alfajiri harudi nyumbani, anashika barabara ya Ibadakuli hadi karibu na uwanja wa ndege. Chai ya Mama akawa anaimwaga kwenye mchicha. Kila Ijumaa akawa anajizungushia futi kiunoni pale dukani, na suruali zilipoanza kumpwaya, fundi ni fundi, akazipunguza. Hapo ndipo alipojiharibia. Mwanamume wa miaka hamsini na nane anayefua raba zake, anayekataa vitumbua vya mkewe na kubana suruali, mwanamke yeyote wa mjini hapa atakwambia ana nini.

"Baba yako ana mwanamke Ibadakuli," Mama aliniambia huku akipepeta mchele. Alisema polepole, na hilo ndilo lililonitisha. Mama hugombana hata na chumvi.

Nilikimbia dukani kumwambia Baba. Nilidhani ataniruhusu kusema ukweli. Alisimamisha mguu juu ya pedali ya cherehani, akasema, "Afadhali afikiri hivyo. Mke wa pili si haramu. Pombe ni haramu."

Nilitamani kumrushia pasi.

Siku ya tatu Mama alikuwa amefunga khanga zake kwenye begi, tayari kwenda kwa dada yake Kishapu. Alitaka kwanza amwone huyo mwanamke. Sikuweza kumwacha aende peke yake, kwa hiyo kulipopambazuka tukamfuata Baba kwa mbali. Alikuwa amekunja kanzu hadi magotini, anarusha mikono kama askari wa gwaride. Mwanamke mwenye ndoo ya maziwa akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Mama akanibana vidole. Baba akaitikia bila kupunguza mwendo. Hakukata kona yoyote, hakubisha hodi popote. Alifika kwenye uzio wa uwanja, akagusa nguzo, akageuka, akatuona.

"Yuko wapi?" Mama akauliza.

"Nani?"

"Huyo unayemfuata huku."

Baba akanitazama. Nikatazama miguu yangu. Akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe. "Ini langu lina mafuta, Mama Shadya. Daktari anasema ni soda na sukari. Na wallahi sijanywa."

Mama akakaa juu ya jiwe. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila anacheka pia. "Nuruddin," akasema, na huwa hamwiti kwa jina. "Miaka thelathini na moja nalala karibu na pumzi zako. Ungeonja hata kijiko kimoja, si ningejua mimi kabla ya majirani?"

Baba akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha Mama akakumbuka jambo, kicheko kikamkatika. "Kumbe ni mkono wangu. Vile vijiko vinne natia mimi."

Baba akachuchumaa mbele yake. "Na cha tano nilikuwa najiongezea ukigeuka."

Sasa wanatembea wawili. Chai ina tangawizi na iliki, sukari haimo, na Mama anainywa hiyohiyo kila asubuhi huku akiilaani. Mlenda na mchicha vimerudi mezani, vitumbua vinangoja Idi. Dukani, mteja wetu Maganga alipoleta soda, Baba alimwambia mbele ya watu, "Ini lina mafuta, niletee maji." Maganga aliiweka chupa pembeni, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini daktari huyo anapatikana siku gani.

Mwezi ujao Baba anarudi kupimwa. Naogopa kidogo, sitaficha. Lakini Ijumaa iliyopita Mama aliingia dukani na gauni lake la kijani mkononi. "Linanipwaya," akasema. "Nipime na mimi."

Baba ameshapima viuno vya wanaume wa mji mzima. Alimzungushia Mama futi, akasoma namba, akaisoma tena, na mikono hakuitoa. Nikachukua vikombe vya chai nikaenda kuviosha.