Uso wa Gari la Baba

Gari pekee ambalo baba yangu amewahi kuwa nalo linaenea kwenye kiganja. Ni la plastiki, la kuunganisha mwenyewe kwa gundi, na alilinunua katika duka la kampuni ya migodi hapa Kolwezi nilipokuwa na miaka saba. Wakati huo alikuwa fundi wa kalibu kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma. Alichonga umbo la kitu kwa mti, akaligandamiza katika mchanga mweusi, akalitoa, kisha wenzake wakamimina chuma mahali lilipokuwa. Mtu wa kazi hiyo ukimpa kijiko cha plastiki, kwanza atatafuta mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Hata sahani ya chakula aliigeuza kuitazama. Mama alimwonya kwamba siku moja atamwaga mchuzi, na siku moja aliumwaga.

Gari lilikuwa la familia, la buluu ya anga, mfano wa yale waliyoendesha wakubwa wa kampuni. Lilikaa juu ya kabati la vyombo, na sisi watoto tuliruhusiwa kulishika kwa macho tu. Nami nilikuwa na gari langu la waya, kama watoto wote wa mtaa, lenye usukani mrefu na magurudumu ya soli za kandambili. Nilikuwa msichana pekee katika mashindano ya kushuka mteremko, na gari langu lilikuwa baya kuliko yote. Basi nikapanda kiti, nikang'oa uso wa gari la baba, yaani ule wavu wa kromu unaokaa mbele ya rejeta, nikaufunga kwa uzi kwenye waya zangu. Niliwashinda wavulana wote. Nilipofika chini, uso haukuwepo.

Baba alipouliza, nilisema sijui. Akakata shauri kwamba ni mwizi, kwa kuwa miaka ile hata milango ya nyumba iliibwa. Tangu hapo gari lilikaa juu ya kabati bila uso, kama mzee aliyeng'oka meno ya mbele. Liliniuma kila nilipolipangusa vumbi, na Kolwezi vumbi hupanguswa kila siku.

Mwaka jana baba alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa Lubumbashi alisema anaweza kupasuliwa, jicho moja kwanza, halafu la pili. Siku ikapangwa. Baba akakataa kwenda. Hakuwa na ubishi wa kizee, aliogopa kupoteza hata kile kidogo alichokuwa bado anakiona, na alisema wazi.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hii kidogo minaona njo yote minabakia nayo. Kama banaiharibu, inaisha."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikatoka nje nikapiga ndoo teke. Mimi ni mtu wa hasira za haraka na sijivunii. Ni wakati huo, nikitafuta kwenye simu chochote cha kumchangamsha, nilipokutana na picha ya gari lake. Lilikuwa linatengenezwa tena. Kumbe wenye viwanda hivyo hawatupi kalibu zao. Huziweka ghalani miaka na miaka, kisha huzirudisha kazini: boksi jipya, vibandiko vipya, kipande hiki kimebadilishwa, kile kimeongezwa.

"Tata, gari yako inatoka tena," nilimwambia baba.

Aliinuka kwenye kiti. "Muli ingali?" Muli ndilo neno la kiwandani kwake, yaani kalibu.

"Iko."

"Ileile muli?" Hakuniuliza bei wala rangi. Alifurahi kama mtu aliyeambiwa rafiki yake wa kazini bado yu hai. Kisha akasema neno nililolishika kwa mikono miwili: "Uniletee sura ya gari. Niione na hii kidogo iko inabakia. Siku ileile tunaenda Lubumbashi."

Jirani yetu mfanyabiashara, wa familia ya Kiislamu iliyotoka mashariki, huagiza mizigo Dubai. Nilimpa jina la gari nikamwambia nahitaji uso wake wa mbele. Baada ya wiki sita alinibishia hodi na vijana wawili wamebeba wavu wa chuma mpana kama mlango. Hapa kwetu mtu akiagiza kipande cha gari, ana gari. Nani angewaza vinginevyo?

"Dada, hii nimeitafuta mpaka nimechoka," alisema kwa fahari. Nilipomwonyesha lile la kiganjani, aliketi kwenye kizingiti akacheka hadi kofia ikaanguka. Wavu ule akauuza kwa dereva mmoja wa Kasaji, na safari ya pili akaniletea boksi.

Juu ya boksi gari lilikuwa jekundu, la mashindano, lenye namba milangoni na taa nne za ziada puani. Umbo ni lilelile. Ndani, vipande vilikuwa vimeshikamana na vijiti vya plastiki kama maembe na matawi yake, na karatasi ya maelezo ilikuwa na msalaba juu ya picha za vipande kadhaa: hivi havitumiki. Mimi sipendi takataka mezani. Nikakata nilichohitaji, na kila chenye msalaba nikakipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba pamoja na vijiti vyake.

Kesho yake niliujaribu uso mpya kwenye gari la zamani. Haukuingia. Ulikuwa umetengenezwa kubeba zile taa nne, na chini ulikuwa umekatwa. Nilisukuma, nikageuza, nikalitukana gari, nikamtukana aliyelibuni. Baba alinyoosha mkono, akaupapasa uso ule kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

"Hii ni ya gari ingine," alisema. "Ile ingine iko wapi?"

"Ile gani, tata?"

"Ya kale. Sikia. Muli ni kintu ya bei. Fundi hawezi kuziba tundu ya kale juu ya kutengeneza ya mupya. Anachimba ya mupya pembeni, ya kale anaiacha. Bakimwanga plastiki, inaingia fasi yote. Bale benye kutengeneza hii banakupa zote mbili, na moja banakuambia usitumie."

Kumbe uso wa zamani ulikuwa miongoni mwa vile vyenye msalaba. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu akiba iliyotupwa shimoni na binti msafi. Shimo letu huchomwa kila Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilikimbia. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha kila kitu, moto ulikuwa umekataa kushika, ila jivu la wiki zote, maganda ya mihogo na matope vilikuwa vimechanganyika kuwa uji mweusi. Nikapiga magoti, nikaingiza mikono, na bila kutarajia nikaanza kulia.

Mama jirani alinisikia. Yeye huosha mawe ya shaba mtoni, na mchana ule alikuwa ameanika chekecheo lake ukutani.

"Yaya, unapoteza nini? Pete?" Yaya kwetu ni dada.

"Kipande cha plastiki."

Hakucheka. Alileta chekecheo na beseni mbili, akakunja kitenge. "Usitafute na mikono. Unakizamisha zaidi. Tunasafisha kama mawe: kubwa kwanza, halafu ya katikati, halafu ya kidogo."

Baba naye alitoka akipapasa ukuta, akaketi juu ya tofali karibu nasi. "Juu ya nini unalia, mama? Ni plastiki tu."

Hapo nikamwambia. Mteremko, gari la waya, uzi, yote. Nikamwambia hakukuwa na mwizi, mwizi nilikuwa mimi. Mama jirani alikazia macho beseni lake. Baba aligeuza uso kuelekea mlangoni, hata nikadhani ataingia ndani.

"Ulibashinda?" aliuliza mwishowe.

"Wote."

"Basi. Usilie tena. Chekecha."

Tulichekecha ndoo kumi na kitu. Zikatoka vifuniko vya chupa, kijiko changu kilichopotea, betri, na katika maji ya mwisho, kitu chembamba kikang'aa juu ya waya. Mama jirani alikichukua kwa ncha ya vidole kama anavyochukua jiwe zuri, akakiweka kwenye kiganja cha baba. Alikigusa. Akatafuta mstari wa kalibu ukingoni, akaupata, akatabasamu.

"Njo yeye," alisema.

Uso uliingia kwa mlio mdogo, bila hata gundi. Baba alilileta gari karibu na pua, akaelekea dirishani, akalitazama kwa ile nuru yake kidogo. Akauliza kama rangi bado ni ileile, maana pembeni aliihisi inabanduka. Nikasema nitaipaka upya kidogo. Nilipita sokoni kutafuta buluu ya anga, sikuipata, nikanunua rangi ya kucha iliyokaribiana nayo, nikalipaka lote.

"Buluu ya kale?" aliuliza.

"Ileile, tata."

Alitimiza neno lake. Alisafiri hadi Lubumbashi gari likiwa kwenye mfuko wa koti, na hakulitoa hadi walipomwingiza chumba cha upasuaji. Mimi nilibaki nalo kwenye benchi, nikiomba Mungu.

Siku iliyofuata muuguzi alimfungua bandeji. Baba alipepesa jicho, likatiririka machozi, akapepesa tena. Nilimwekea gari mkononi. Aliliangalia sana, akakunja uso.

"Mama," alisema, "hii haiko buluu. Iko ya majani."

Akalisogeza karibu zaidi na jicho.

"Na umepakaa mpaka kwa vioo. Ulinidanganya tena."

"Ndiyo, tata," nilisema, nikicheka na kulia mbele ya muuguzi aliyekuwa haelewi kitu, "nimekudanganya." Lakini baba hakunisikiliza tena. Alikuwa amelipindua gari, amelisogeza kwenye mwanga, na bila kuligusa kwa kidole gumba alikuwa akiufuata mstari wa kalibu kwa jicho.